Mtani Aliyekimbia na Sufuria Yetu

Naikumbuka siku ile mpaka harufu yake, mwanangu. Udongo uliolowa, moshi wa kuni, na mchuzi wa nazi wa samaki changu ambao niliuhangaikia asubuhi nzima na mwisho wake hakuna aliyeula kwa raha. Ukiniona nakunja uso kila nikipita pale mnapochimba, usiwaambie wenzako kwamba bi mkubwa kaamka vibaya. Siku ile inanirudia bila kuiita, na anayenirudishia ni wewe, Shabani, mtoto wa mdogo wangu, fundi mzima mwenye mke na mtoto.

Jana nimesimama pale juu ya shimo lenu nikakuita. Hukusikia. Ulikuwa umeziba masikio yote mawili na vile vidude vya muziki, unachimba huku unatikisa kichwa. Nikaita tena mpaka mwenzako mmoja akakugusa bega, ndipo ukainua uso.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Huo mlima ulio mgongoni kwako umeufunga kamba?"

Mkacheka wote. Ukaniambia, "Usijali, bi mkubwa, hapa freshi tu. Tumeshazoea." Basi nikarudi nyumbani na chakula kikanishinda. Tumeshazoea! Mmezoea nini? Mlima mmeuzoea nyinyi, wenyewe haujui hata jina lenu. Sasa umekuja hapa baada ya swala ya Ijumaa unataka chai, utaipata, lakini leo utakunywa na maneno ndani yake. Hiyo simu iweke pembeni. Wenzako wamekwenda kula, hakuna anayekuita.

Enzi hizo mimi ni msichana, mama yako bado anafundishwa kusuka mkeka. Nilikuwa kibarua wa ujenzi. Usinitazame hivyo, ni kweli. Nilibeba maji na zege kwa karai kichwani, na ikikaribia adhuhuri nageuka mpishi wa mafundi. Aliyenipeleka kwenye kazi hiyo ni kaka yetu Abdala, huyo huyo mjomba wako wa Mchinga. Wewe umemjua akiwa mzee wa kukaa kitini, lakini ujana wake alikuwa mpanga mawe. Unayajua mawe yetu ya pwani yalivyo, yana vishimo na makali, hayakai kama tofali. Abdala akiokota jiwe analigeuza mkononi kidogo tu, tayari ameshajua litalala wapi. Watu walikuwa wanasimama njiani kumtazama. Mimi nilikuwa najivuna naye kuliko alivyojivuna mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa hapa hapa Lindi, upande wa mlimani. Kuna mfanyabiashara alikuwa anaoza binti yake, akataka uwanja wa nyuma upanuliwe ili wageni wapate pa kukaa na ngoma ipate pa kuchezwa. Kwa bahati mbaya nyuma ya nyumba hapakuwa na uwanja wa kupanua, palikuwa na mlima. Kwa hiyo mlima ukatwe, na pale ulipokatwa pajengwe ukuta mnene wa mawe wa kuuzuia usije ukamwagikia wageni. Si kazi mbaya hiyo. Nyumba nyingi za huku zimesimama kwa sababu ya kuta kama hizo. Ubaya ulikuwa kwamba harusi imekaribia na ukuta haujaanza.

Msimamizi wetu aliitwa Fundi Mussa. Nakwambia kwa haki, alikuwa mtu mwema na ukuta wake ukishasimama umesimama. Ila alikuwa na ugonjwa ule mlio nao wengi, hawezi kumwambia mwenye nyumba hapana. Kazi ya namna ile inatakiwa ukate kipande, ujenge kipande, kikishika ndipo uende kipande kingine. Yeye akatuambia tukate mlima wote kwa mkupuo, kona mpaka kona. Ukabaki umesimama wima, udongo mtupu, mrefu kuliko mtu akinyoosha mikono. Halafu chini yake tukachimba mtaro wa msingi, kwa hiyo aliye mtaroni alikuwa ameongezewa kimo cha mlima juu ya kichwa chake.

Na vijana wakaja na ufundi wao. Badala ya kuanza juu kushuka, walikuwa wanafukua kwa chini, wanaingia ndani ndani, ili juu pajiangushe penyewe na wao wapumzike. Waliuleta mtindo huo kutoka kwenye machimbo ya mchanga. Mawe ya kujengea yakarundikwa juu kabisa, pale pale ukingoni, ili kazi ya Abdala iwe rahisi: anayetaka jiwe anarushiwa kutoka juu. Kifusi nacho kikapelekwa huko huko juu kwa sababu hakuna aliyetaka kukibeba mbali. Jioni iliyotangulia mvua ilikuwa imepiga, si ndogo. Asubuhi tukafika, tukajifunga vitambaa, tukaingia kazini. Hakuna hata mmoja aliyepanda juu kwenda kutazama usiku ule umeacha nini. Yaani ninavyokueleza hivi natamani kuwashika wale watu niwatikise, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Wewe ni mtoto wa siku hizi, utani kwako ni kutumiana vichekesho kwenye simu. Kwetu sisi Wamwera, utani na Wangindo tumeurithi. Mngindo akifika kwako anaweza kumkamata kuku wako mbele ya macho yako na wewe ukacheka. Akikuambia umekufa tangu juzi na umeanza kunuka, unamjibu kwamba wewe umetumwa kumfuata yeye. Hata msibani, watani ndio wanaozuia jeneza njiani mpaka wapewe chochote, na wafiwa wanajikuta wanacheka na machozi bado yanawatoka. Ni kitu kizuri, kimetutunza. Lakini kina shida moja ambayo hakuna aliyewahi kutueleza. Mtani wako akikuambia kweli, utaijuaje?

Tulikuwa na mtani wetu mmoja, Mzee Mkwanda, Mngindo wa huko Njinjo, aliyehamia Lindi akiwa mchimba visima. Alishachimba visima tangu ujana wake mpaka mvi zikamjaa. Njia yake ya kwenda kazini ilipita juu ya mlima ule tuliokuwa tunaukata, kwa hiyo kila siku lazima apite na lazima atuchokoze. Mimi alikuwa ananiambia, "We Somoe, mchuzi wako huo umeshaua wangapi?" Namjibu kwamba namsubiri yeye aonje, idadi itimie. Ndiyo ilikuwa salamu yetu, na siku asipopita tulikuwa tunamuulizia.

Siku ile akapita akiwa kimya. Nilimwona kule juu amesimama, halafu akachuchumaa, akaingiza mkono kwenye ardhi mpaka ukazama. Ulikuwa ufa, mwanangu. Ufa mrefu uliokwenda sambamba na ukingo, nyuma ya lile rundo la mawe. Sisi tuliokuwa chini hatukuuona, na mimi nilidhani mzee ameangusha kitu.

Akasimama, akapaza sauti. "Enyi Wamwera! Tokeni humo! Mlima unakuja!"

Mtaro mzima ukacheka. Kijana mmoja akamjibu, "Ukija uambie uje na sururu yake, usaidie kuchimba!"

"Nasema tokeni! Mnajichimbia kaburi la pamoja!"

Unaona? Hata alipotaka kusema kweli, kinywa kilimpa maneno yale yale ya utani, maana kaburi ndilo tulilokuwa tunataniana nalo kila siku. Mimi niliyekuwa jikoni pale pembeni nikampigia kelele, "Mtani, sema tu una njaa, utapewa!"

"Somoe, sitanii," akasema.

Tukazidi kucheka. Mtani gani anayesema anatania? Wote husema hawatanii, ndio utamu wenyewe. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu, na hapo Fundi Mussa akachoka. "Mzee, shughuli ya watu hiyo iko mlangoni," akamwambia. "Tuache tumalize kazi."

Nikamwona mzee anatutazama, anamtazama huyu, anamtazama yule, nikasema moyoni huyu anatafuta neno kali zaidi. Kumbe alikuwa ameshaachana na maneno. Akazunguka akateremka upande niliokuwa napikia. Sikumjali, nilikuwa nasonga ugali na mgongo nimempa. Nikasikia mfuniko umeanguka. Nageuka, mzee ameikamata sufuria yangu ya mchuzi kwa pindo la shuka lake, ameinyanyua motoni, na anakimbia nayo.

Mzee mwenye mvi, Shabani. Anakimbia na sufuria inayochemka, mchuzi unamrukia miguuni, wala hasimami.

"Sufuria! Sufuria yetu!" Nikamtimua na mwiko mkononi. Vijana wale walikuwa hawajatia kitu tumboni tangu alfajiri, na hiyo waliyoiona inaondoka ndiyo riziki yao ya siku. Wakaparamia mtaro wakatoka, huyu anamvuta yule, wanacheka, wanapiga mbinja, wote nyuma ya mzee. Fundi Mussa naye akatoka, si kwa njaa, ila kutufokea turudi kazini. Nilikuwa na hasira na nilikuwa nacheka, vyote kwa pamoja, ndivyo utani ulivyo.

Aliyebaki chini ni mmoja. Ilikuwa Alhamisi, na kaka yangu alikuwa amefunga sunna. Mchuzi ukienda usiende, yeye haumhusu. Nilimsikia akisema kwa raha zake, "Mleteni taratibu, msimuumize," na jiwe lake liko mkononi analigeuza.

Mzee Mkwanda alipofika mwisho wa uwanja akasimama, akaitua sufuria chini, akageuka kututazama mmoja mmoja. Uso wake haukuwa na mchezo hata kidogo.

"Abdala yuko wapi?"

Kabla sijajibu, ardhi ikashuka. Haikutoa kishindo kama unavyodhani. Ilitoa sauti nzito, fupi, ya gunia kutuliwa sakafuni, halafu mawe yakafuata yakigongana. Vumbi halikupanda kwa sababu udongo ulikuwa umelowa. Pale palipokuwa na mtaro palikuwa na mteremko wa udongo mwekundu, na juu yake kichwa cha kaka yangu na mkono mmoja.

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga tena, hata nilipofiwa na mume wangu. Nikakimbilia kule. Vijana nao wakakimbia na makoleo yao. Mzee akanikamata khanga, nikaanguka, nikainuka, akanishika mikono yote miwili akanikazia macho.

"Somoe. Sasa unanielewa? Ukiruka humo, ile sehemu iliyobaki inakuja juu yake na juu yako."

Akawafokea vijana wasiingie wote. Akapeleka baadhi yao juu, wazunguke kwa mbali, wayaondoe mawe yaliyobaki ukingoni moja moja bila kukanyaga penye ufa. Akachagua vijana wawili wembamba wa kushuka, wakiwa wamefungwa kamba viunoni na wenzao wameishika. Makoleo akayakataza karibu na mwili, akawaambia watumie mikono na makarai.

Abdala alikuwa anapumua vipande vipande. Udongo ulikuwa umemfika kwapani, na kila akitoa pumzi unashuka kidogo, unamnyima nafasi ya kuirudisha. Mimi nililala kifudifudi mahali mzee aliponionyesha, pembeni palipo pagumu, nikawa nazungumza naye. Sijui nilisema nini. Najua nilimwomba asilale. Alinitazama akajaribu kutabasamu, midomo yake imebadilika rangi, akasema neno moja, "Pumzi." Nikajua kaka yangu anaondoka nikiwa namtazama, na hakuna hata kitu kimoja mikono yangu ingeweza kufanya.

Walimfungua kifua kwanza. Akavuta pumzi ndefu ya kwanza. Lakini mguu ulikuwa umebanwa chini na jiwe, tena jiwe alilokuwa amelichagua mwenyewe asubuhi. Jua likazunguka mpaka likawa usoni kwake ndipo wakamtoa. Kupiga kelele alipiga mara moja tu, jiwe lilipoondolewa.

Hospitali walifanya walichoweza. Mguu ukaunga, goti halikukubali kukunjika tena mpaka leo. Ndiyo maana mjomba wako anaswali kitini, na watu wasiomjua wanadhani ni uzee. Si uzee. Alianza kuswali kitini akiwa kijana kuliko wewe, amewekwa safu ya nyuma pamoja na vikongwe, na wenzake wa rika lake wako mbele wanasujudu. Unafikiri hakulia? Mawe hakuyashika tena. Kupanda ngazi hawezi, kuchuchumaa hawezi, na mpanga mawe asiyechuchumaa atapanga nini? Nimeshamwona akipita mbele ya ukuta mpya anasimama, anautazama, anaunyooshea kidole mahali jiwe lilipokaa vibaya, halafu anaondoka na fimbo yake. Na wewe unaniambia freshi tu!

Siku ya pili Mzee Mkwanda alikuja hospitali, miguu yake imefungwa bandeji, mchuzi wangu ulikuwa umemchubua vibaya. Tulikuwa wote pale, vijana, Fundi Mussa, na mimi. Tukamsalimia, tukasubiri atutanie, hakutania. Akakaa, akatufokea kwa sauti ya chini, na mimi mpaka leo naona kelele zingekuwa nafuu.

"Mimi kosa langu ni kwamba nimewazoeza mchezo mpaka sikubakiwa na neno la kweli mtakaloliamini," akasema. "Kosa lenu ni kwamba mlisubiri mtu wa kupita njia ndiye awatazamie mlima. Kweli kati yenu wote hakuna mwenye miguu ya kupanda kule juu asubuhi? Mvua imenyesha, mmeisikia, mmelala nayo!"

Fundi Mussa akasema mwenye nyumba alikuwa na haraka.

"Mwenye nyumba alikuwa ndani anakunywa chai," mzee akamkata. "Mtaroni alikuwa Abdala. Wewe ulikuwa fundi wa nani?"

Fundi Mussa akavua kofia. Akainamisha kichwa, akafuta uso kwa kofia yake. Baada ya hapo mzee akageuka kwangu. Nilidhani mimi nitasamehewa kwa kuwa nilikuwa mpishi tu. Akaniambia, "Na wewe, Somoe, ulikuwa nje ya shimo, una macho, una sauti, na ndugu yako yumo ndani. Ulitazama sufuria." Basi. Mimi sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Kwa muda mrefu baada ya siku ile alikuwa akipita ananisalimia kama mgeni. Nilihuzunika, nilikuwa nautamani ule uchokozi wake. Mpaka siku Abdala aliporudi nyumbani kwa magongo, mzee akaja na kundi la Wangindo wenzake, wakaziba mlango, wakasema mgonjwa haingii mpaka walipwe mchuzi mwingine, kwa sababu ule wa kwanza haukuwa na chumvi. Tulicheka, tukalia, nikawapikia. Lakini kwenye kazi za kuchimba, tangu siku ile mpaka mzee yule anafariki, sikumsikia tena akitania karibu na shimo.

Sasa turudi kwako, na chai isipoe.

Mlima mmeukata wote kwa mkupuo, nimeuona. Tena kwa chini mmefukua, mmeacha juu pananing'inia, na wewe unapita chini yake unaimba. Hivi nani aliwaambia udongo ukianguka utawapigia hodi? Udongo unaanzwa juu, unalazwa nyuma ukae kwa mteremko, si kusimamishwa wima mkausifia. Pasipo na nafasi ya kuulaza, mkate kipande kifupi, mkijenge, kishike, ndipo mguse kingine. Mtachelewa, ndiyo. Mwambieni mwenye kazi mtachelewa. Akifoka, afoke, mdomo wake haujawahi kumfukia mtu. Na mtaro ukiwa mrefu kwenda chini ukingo lazima ushikiliwe kwa mbao na magogo. Usiniambie mbao hazipo, nimeziona zimefungiwa jukwaa la kuchezea bao.

Mawe yenu yako ukingoni, Shabani. Yako ukingoni! Kifusi kiko hapo hapo, na jana lori la mchanga limerudi kinyumenyume mpaka karibu na shimo, nyinyi mko ndani mnamwelekeza dereva kwa mikono. Vitu vizito vinakaa mbali na shimo, na shimo likizidi kina navyo vizidi kwenda mbali. Anayeona tabu kubeba jiwe hatua chache aniite mimi, nilishabeba.

Ngazi sikuiona. Mnatokaje? Kwa kuparamia? Vijana wale waliparamia kwa sababu walikuwa wanakimbiza mchuzi na mlima uliwapa muda. Usipokupa je? Ngazi ikae karibu na mtu alipo, siyo kona ya mbali. Mtu asifanye kazi peke yake chini huko, na vile vidude vya masikioni nikiviona tena nitavichoma kwenye jiko langu. Na hizo kandambili. Yaani jiwe likikuangukia kidoleni unategemea kandambili?

Ukuta wenyewe nao mnauonea. Ukuta wa kuzuia mlima haushindani na udongo tu, unashindana na maji yaliyo ndani ya udongo. Sikuona matundu ya kutolea maji. Wekeni mabomba yapenye ukuta, na nyuma yake jazeni kokoto, maji yapate njia. Mkiyafungia, yatatafuta njia yenyewe, na aliye mbele yake ndiye atakayeumia. Tena msirudishie kifusi nyuma ya ukuta na saruji bado mbichi kwa sababu mmechoka kuliona rundo. Acheni ushike, halafu mjaze kidogo kidogo, mnashindilia.

Haya yote mnayajua. Hilo ndilo linalonichosha! Fundi Mussa pia alikuwa anayajua, kila moja. Kwa hiyo nakuomba jambo moja ambalo huenda hulijui. Kila asubuhi, na kila mvua ikikatika, mmoja wenu apande juu atazame ardhi kabla mtu hajashuka. Kazi ikiwa inaendelea, mmoja abaki juu, kazi yake kutazama tu, na msimwite mvivu. Muwe na neno moja mliloafikiana, neno ambalo hamlitumii kwa mchezo, hata siku ya furaha, hata kwa mtani. Neno hilo likitamkwa, mtu anatupa kilicho mkononi anatoka, na kuuliza kwa nini anauliza akiwa nje. Ikitokea mmetoka bure, msimcheke aliyewatoa. Mkimcheka mara moja tu, siku nyingine ataona haya kusema, na mtazikwa kwa sababu ya haya zake.

Na ukiniona nimesimama juu ya shimo lako nafoka, usiwageukie wenzako ukacheka. Nikifoka mimi niko sawa. Siku moja nilikuwa msichana wa kucheka, na sauti ya kicheko changu ndiyo ya mwisho aliyoisikia kaka yangu akiwa na miguu miwili mizima.

Usiinamishe kichwa, mwanangu, sijasema ulie. Njoo karibu nikushike hicho kichwa kigumu. Mungu akufunike kwa rehema zake, wewe na hao wenzako wanaotikisa vichwa. Awape mikono yenye nguvu na mioyo yenye woga kidogo. Kila ukuta mtakaousimamisha usimame baada yenu, na watoto wenu wapite chini yake wakisema baba ndiye aliyeujenga. Akurudishe kwa mkeo kila jioni mchafu, umechoka, una njaa, na mzima.

Sema amina. Sikusikia. Haya, kikombe kiache hapo hapo nitakiosha, wewe wahi kabla wenzako hawajashuka. Anzeni na yale mawe ya juu.